UZI: Kuvipanga vihatarishi vya ujenzi wa reli kwa simulesheni, tujaribu na ya Mjini mpaka Bububu

Mpemba_wa_Ratiba

Assalaam alaykum jamaa. Uzi huu mrefu kidogo, mwenye chai yake aimimine kabisa.

Mie kazi yangu ni ratiba. Nimekaa bara miaka kadhaa kwenye ujenzi wa reli, kwa mkandarasi mdogo aliekuwa chini ya mkandarasi mkubwa, majina sitoyataja na kipande chenyewe sitokitaja. Kuna kitu kimoja nlikiona kule mpaka leo kinanikera, na kila nikisikia watu wanazungumza habari za reli hapa Unguja nakikumbuka, kwa hiyo leo nakitoa.

Siku ya kwanza naingia ofisini nkakuta karatasi kubwa ukutani, jedwali la miraba 25, kijani, njano, nyekundu. Hilo ndo walikuwa wakiliita rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuuharibu mradi. Tukakaa watu saba mezani, kila kihatarishi kinatajwa tunakipa namba mbili, uwezekano wa kutokea 1 mpaka 5, na ukubwa wa madhara 1 mpaka 5, kisha unazidisha. Daraja kuanguka wakati wa ujenzi likapewa 2 mara 5, jumla 10. Fidia za ardhi kuchelewa zikapewa 3 mara 3, jumla 9. Basi daraja likakaa juu ya fidia, mkutano ukafungwa, tukaenda kula.

Daraja lile mpaka leo limesimama. Tulichokaa tukakingojea miezi kumi na moja ni shamba moja la mikorosho, ndugu wanne hawajaelewana nani asaini. Tuta la udongo la kupitishia reli limekuja toka mashariki likasimama kwenye mpaka wa shamba, na toka magharibi vile vile likasimama, katikati pana mikorosho na kuku. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kimeegeshwa pale mpaka majani yakaota ndani ya minyororo yake. Wanasaini, na masika haya hapa, udongo uliokwishamwagwa bila ya kuvishwa nyasi wala mawe ukateremka wote kwenye kalavati, lile tundu la kupitisha maji chini ya tuta, kalavati likaziba, maji yakapanda. Ikabidi turudie kazi ambayo kwenye karatasi ilikuwa ishakwisha.

Sasa angalieni, fidia ilipewa 9 kana kwamba ni kitu kimoja kimesimama peke yake, na mvua nayo ina mraba wake, na tuta lina mraba wake. Hakuna pahala kwenye lile jedwali panaposema hii ikichelewa inaisukuma ile mpaka inaangukia kwenye mvua. Na jengine, 1 mara 5 na 5 mara 1 zote ni 5. Jambo la kila wiki lenye hasara ndogo na jambo la mara moja lenye kuua mradi yanakaa mraba mmoja rangi moja. Haingii akilini.

Ndo nkaanza kujifunza simulesheni, yaani kuichezesha kazi nzima kwenye kompyuta mara nyingi uone itakavotoka. Nikipata nafasi usiku naendelea.

Dhumna_Darajani

Waalaykum salaam. Endelea yakhe tupo. Ila ueleze kwa lugha ya baraza, sie wengine tuliishia skuli hesabu za riba.

Mpemba_wa_Ratiba

Haya, kwa lugha ya baraza hasa, mana asili yake ni karata. Mwaka 1946 mwanahesabu mmoja, Stanislaw Ulam, alikuwa anauguza maradhi nyumbani anacheza karata za mtu mmoja, akajiuliza ni mara ngapi mchezo huu utatoka. Akajaribu kwa fomula ikamshinda ugumu, akaona basi bora kuucheza mara mia nikahesabu mara ngapi umetoka. Akamwambia mwenzake John von Neumann, wakalipeleka kwenye kompyuta za wakati ule kwa kazi za maabara ya Los Alamos, Marekani. Nicholas Metropolis akaipa jina Monte Carlo, lile jumba la kamari la Monaco. Ndo hivo tu. Kama jambo halihesabiki, lichezeshe mara nyingi kisha hesabu.

Kwenye reli unafanya hivi. Kila kazi huipi muda mmoja, unaipa mitatu: mambo yakinyooka, mambo yakiwa ya kawaida, na mambo yakiharibika. Kisha kompyuta inabahatisha muda mmoja wa kila kazi ndani ya mipaka ile, inajumlisha, inapata tarehe ya kumaliza. Inarudia tena. Na tena. Mara elfu kumi. Umeijenga reli yako mara elfu kumi bila ya kutoa mfuko mmoja wa saruji.

Nawapa mfano, namba ni zangu za kufundishia tu, mtu asizichukue akaenda nazo kwa waziri. Tuseme tunaifufua njia ya reli ya zamani ya hapa Unguja, ya Mjini mpaka Bububu, na tuseme kazi tatu zinafuatana. Fidia: miezi 3, kawaida 6, ikiharibika 18. Kuleta vifaa kwa meli: 2, 3, 7. Tuta na makalavati: 5, 6, 12.

Mtu wa ratiba ya kawaida anajumlisha za katikati, 6 na 3 na 6, anapata miezi 15, anaandika 15 kwenye mkataba. Lakini tizameni hizo namba, zote zinavutia upande wa kuchelewa. Fidia inaweza kuwahi kwa miezi 3 tu ila inaweza kuchelewa kwa 12. Wastani wake, ukizijumlisha tatu ukagawa kwa tatu, ni 9, si 6. Vifaa wastani 4. Tuta karibu 7 na nusu na ushee. Jumla karibu miezi 21, yaani ile 15 tulioandika kwenye mkataba ukiichezesha mara 100 haifiki hata mara 10 unaipata. Na ukitaka tarehe ambayo katika mara 100 utaiwahi mara 80, inakwenda karibu miezi 24.

Sasa ndo unakuja upangaji wa vihatarishi wenyewe, na hapa ndo roho yangu ilipotulia. Huulizi tena mezani "jamani hichi tukipe ngapi". Unauliza kompyuta, katika huu mtawanyiko wote wa tarehe, nani anautia? Kwa mfano huu fidia peke yake imebeba robo tatu. Tuta karibu sehemu moja ya sita, meli kidogo tu. Unachora mistari, mrefu juu, mfupi chini, na unaona kwa macho nani wa kwanza. Ile fidia iliokuwa ya njano, 9, chini ya daraja.

Kokoto_Nene

Nimesoma vizuri sana na nakubali sehemu kubwa, mie ni mhandisi wa njia. Lakini kuna kitu nataka useme wazi, mana watu wakitoka hapa watadhani ni uganga. Hizo namba tatu zinatoka wapi? Kama nimekaa ofisini nkasema fidia 3, 6, 18 kwa kukisia, nimechezesha makisio yangu elfu kumi, yanabaki makisio. Mtama ukiwa na mchanga, kinu hakiutoi mchanga.

Halafu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kilomita kama 1,860, kazi imeanza 1970 reli imekamilika 1975, kabla ya wakati. Hakuna simulesheni, hakuna Excel. Hilo unalijibuje?

Mpemba_wa_Ratiba

Kokoto_Nene hapo umepiga penyewe, naanza na TAZARA.

Kabla ya kujenga walipima njia kwa miguu, mito na milima yote, na kile kipande cha Mlimba mpaka Makambako walijua mapema kwamba ndo kitawatesa watu, mahandaki na madaraja yamerundikana pale. Kihatarishi kikubwa kilitambuliwa na nguvu zikapelekwa huko. Na wafanyakazi walikuwa maelfu kwa maelfu. Pesa ilikuwa mkopo usio na riba wa China na siasa ya nchi tatu iko nyuma yake, haukuwepo mjadala wa kwamba pesa itasimama. Kwa hiyo vile vihatarishi vinavyochelewesha miradi ya leo, wao vingi vilishaondolewa kabla ya kuanza. Lakini usisahau Wachina zaidi ya 60 walikufa kwenye kazi ile, wana makaburi yao bara. Ukiipima kwa tarehe ilifaulu, ukiipima kwa roho za watu ni hesabu nyengine. Nalisema kwa sababu simulesheni nyingi nilizoziona zinapima muda na pesa tu, uhai unaachiwa mtu wa usalama na helmeti zake, na mie naona hilo ni kosa.

Linganisha na hii SGR, reli mpya ya kisasa, ya Dar mpaka Morogoro. Imeanza 2017, ilitarajiwa iishe 2019, abiria wa kwanza wamepanda Juni 2024. Si kwamba wahandisi hawajui kazi.

Namba zinatoka wapi: pahala pawili. Kwanza kwenye miradi iliokwishapita. Yupo msomi wa Denmark, Bent Flyvbjerg, yeye na wenzake mwaka 2002 walitoa hesabu ya miradi ya usafiri ya nchi nyingi, ya reli peke yake 58, wakakuta gharama ya reli imezidi makadirio kwa wastani wa asilimia karibu 45. Barabara karibu 20. Kwa hiyo ukinambia reli yako ikiharibika itazidi kwa asilimia 10, nakwambia kaa chini uandike upya, wenzako waliokutangulia hawakuwa wajinga.

Pahala pa pili ni kwa watu wenyewe. Nkupe kisa. Kulikuwa na kalavati moja kwenye michoro yetu, matundu mawili, mtu wa mahesabu ya maji kachukua rekodi za mvua kafanya kazi yake vizuri. Nkaenda pale na mzee mmoja mstaafu wa gengi, wale watunza njia wa reli ya zamani. Hakutizama mchoro. Alinipeleka kwenye nyumba ya gengi iliovunjika, akaweka kiganja ukutani, pana mstari wa matope umekauka umekuwa kama rangi ya chai, juu ya kiuno changu. Akasema haya ni ya El Niño, yaani 1997 kuingia 98. Kisha akashusha mkono kidogo, pana mwengine. Bonde la Mkondoa huko Kilosa mpaka Gulwe wenye reli wanalijua, mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 mafuriko yaliikata reli ya zamani. Mstari ule ukutani uko juu ya usawa wa maji tuliouchora. Ile namba yangu ya "ikiharibika" nliibadilisha siku ile ile, na kalavati likaongezwa tundu.

BiMkwajuni

Maashallah, kisa kizuri. Naomba niingie japo si mtaalamu. Unasema vihatarishi vinasukumana. Kwenye hiyo kompyuta vinasukumana vipi ikiwa kila kazi inabahatishwa peke yake?

Mpemba_wa_Ratiba

Dada umeuliza swali ambalo wengi wenye programu ya kununua hawaliulizi, wallahi.

Ukiacha kila kazi ibahatishwe peke yake, ikitoka moja mbaya nyengine inatoka nzuri, zinafutana, na jibu linakuja limebana zuri la kupendeza. Lakini mvua ya masika haichagui. Ikinyesha, tuta linasimama, zege linasimama, matipa ya kokoto yanakwama, siku ile ile. Kwa hiyo unaiambia kompyuta kwamba hizi zinakwenda pamoja. Katika mfano wangu, kazi tatu zikiwa kila moja kivyake tarehe ya mara 80 kwa 100 ilikuwa karibu miezi 24. Ukizifunga kabisa, ikiharibika moja zote zinaharibika, inakwenda 26. Ukweli uko katikati hapo. Katika mradi wa kazi mia tatu tofauti hii inakuwa kubwa mno, ndo maana ukiona ripoti ya simulesheni inasema mradi wa miaka minne utazidi kwa wiki mbili tu, uliza walifunga nini na nini.

Na jambo jengine la namna hii, kazi zinazokutana. Stesheni, njia, na umeme, lazima zote tatu ziwe tayari ndo treni ipite. Kila mmoja anakwambia mie kuwahi ni asilimia 80. Unafurahi. Lakini zote tatu kuwahi pamoja ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, asilimia 51. Kama kurusha sarafu. Nilipomwonesha bosi wangu hesabu hii alinyamaza, kisha akaniomba nimwandikie kwenye karatasi.

Dhumna_Darajani

Hapo kwenye 51 nimefahamu kuliko nlivofahamu kitu chochote mwaka huu.

Mie naja na historia, mana reli ya Bububu naijua kwa kusimuliwa. Kampuni ya Kimarekani ndo ilioijenga 1904 na 1905, maili saba, ikitoka Ngomeni inapita Darajani mtaa mwembamba mpaka Bububu. Na kabla yake Sayyid Barghash alikuwa na yake ya kwenda Chukwani, mwanzo ikivutwa na nyumbu. Ya Bububu serikali iliinunua 1911, na 1922 ikaacha kuchukua abiria, ikabaki kubeba mawe. Haikufa kwa daraja wala mvua. Ilikufa kwa motokari. Barabara imetengenezwa, gari zimekuja, nani atapanda treni.

Hicho kihatarishi kwenye hesabu yako kiko wapi?

Mpemba_wa_Ratiba

Hakimo, na ulivonikumbusha umenisaidia. Hicho ni kihatarishi cha baada ya kujenga, abiria kutokuja, na huyo huyo Flyvbjerg walipoangalia makadirio ya abiria wa reli mwaka 2005 walikuta abiria waliokuja kweli ni pungufu ya waliotabiriwa kwa wastani wa nusu hivi. Nusu! Kwa hiyo ikiwa ni kuvipanga kwa uharibifu wa pesa, hichi huenda kikakaa juu ya fidia, ila rejista ya mkandarasi hukioni kwa sababu mkandarasi akishakabidhi funguo si shida yake tena. Rejista lazima iseme ni ya nani. Ya mkandarasi, ya serikali, ya benki, ya mwenye shamba. Kila mmoja ana yake na hazifanani.

Sasa nataka nyie wenyewe mnitajie vya hapa kwetu. Mie nishaandika: mchanga, tunajua ulivo adimu Unguja, vifaa vyote kupita bandari moja, masika ya Machi mpaka Mei, na Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO toka 2000, kwa hiyo kule mwanzo wa njia huchimbi hovyo.

mgeni_wa_fumba

Makaburi. Njia ya Bububu ina makaburi ya kifamilia ambayo hayana hata ukuta, anaejua ni bibi tu.
Ardhi ya wakfu pia.
Uchaguzi kila miaka mitano, Oktoba, miezi miwili mitatu kabla hakuna anaesaini kitu.

Kokoto_Nene

Pampu na mabomba ya maji yasio kwenye ramani yoyote. Nimefanya kazi ya barabara Mjini, kila mita ishirini bomba, nyengine za tangu Muingereza. Na kazi wakati wa Ramadhani, zamu ya mchana inapungua saa, hilo halihitaji kubahatishwa, ni la uhakika, liingie kwenye ratiba moja kwa moja lisiitwe kihatarishi. Watu huchanganya hapo. La uhakika unalipangia siku zake. Lisilo na uhakika ndo unalichezesha.

Mpemba_wa_Ratiba

Sahihi kabisa Kokoto, na nimeona rejista zenye mistari 200 nusu yake ni mambo ya uhakika. Yanajaza karatasi tu.

Makaburi nimeyaweka namna nyengine: si muda wa kubahatisha, ni tukio, ama linatokea ama halitokei. Unatia uwezekano wake, kisha likitokea linaongeza miezi kadhaa. Kompyuta katika michezo mingine inalikuta, mingine hailikuti. Uchaguzi tarehe yake inajulikana, hatari ni kazi zetu kuchelewa mpaka zikaufikia.

BiMkwajuni

Naomba niseme kuhusu fidia, mana hili nimelishuhudia. Marehemu baba alikuwa sheha msaidizi wakati barabara moja inapanuliwa, nikimwandikia daftari kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Shamba moja la eka tatu, mwenye hati ni babu aliepewa baada ya Mapinduzi, keshafariki, warithi kumi na tisa, wawili Oman, mmoja Tanga hajulikani alipo. Mti unahesabiwa mmoja mmoja, mnazi bei yake, mwembe bei yake, mfenesi bei yake, na mche mdogo una bei yake. Wakihesabu leo, wakilipa baada ya mwaka na nusu miche ishakuwa miti, mwenyewe anataka ihesabiwe upya. Na ana haki. Ule mti ndo karo ya skuli ya mwanawe.

Kwa hiyo hiyo 3, 6, 18 yako kaka kwangu ni ndogo. Kwa nlivoona mie: wakiwa wepesi kabisa miezi 4, kawaida 9, ikiharibika 30. Miaka miwili na nusu nimeiona kwa macho yangu kwenye daftari.

Mpemba_wa_Ratiba

Dada ahsante sana, Mungu amrehemu mzee. Nimeiingiza sasa hivi niko na kompyuta mapajani, vyengine vyote nimeviacha vile vile.

Wastani umetoka karibu miezi 21 umekuja 26. Ile tarehe ya mara 80 kwa 100 imetoka 24 imekwenda 31. Na fidia imebeba asilimia 90 ya mtawanyiko wote. Yaani meli na tuta, vitu ambavyo wahandisi watavikalia vikao wiki nzima, ukivitengeneza vyote viwili vikawa na uhakika kabisa, hujaondoa ila kidogo tu.

Kwa hiyo kama pesa ya kujikinga na vihatarishi ingekuwa mkononi mwangu, nisingeongeza kijiko cha pili wala kulipia meli ya haraka. Ningeajiri watu wa mirathi wawili na mpima ardhi mmoja, wakae na masheha mwaka mzima kabla mkandarasi hajashusha kontena la kwanza, na ningelipa miti ndani ya miezi mitatu ya kuihesabu.

Dada, lile daftari la mzee bado mnalo nyumbani? Kama lina tarehe ya kuhesabiwa na tarehe ya kulipwa kwa kila shamba, hata mashamba thelathini tu, majina uyafute, nitaacha kukisia kabisa na nitachezesha kwa tarehe zile zile.

BiMkwajuni

Lipo kwenye kasha la mama, mawili, moja limeliwa na mchwa pembeni. Ijumaa nakwenda Mkwajuni, nitapiga picha kurasa.